Kuugua, Kuuguza, Kuuguliwa: Nani Anamtazama Mgonjwa wa UKIMWI katika Fasihi Yetu?

Mwalimu yeyote ambaye amesahihisha majibu ya fasihi kuhusu UKIMWI kwa miaka kadhaa anaweza kuyakariri usingizini. Mtahiniwa huanza kwa kuuita “gonjwa hatari lisilo na tiba”. Kisha hutaja vyanzo: uasherati, tamaa ya pesa, ulevi, marafiki wabaya. Hufuatisha athari: kifo, mayatima, umaskini. Hatimaye hutoa masuluhisho, na aghalabu hufunga kwa methali, mficha maradhi kilio humfichua. Jibu la namna hii hupata alama za kutosha, na sisi walimu ndio tuliolifunza. Sina ugomvi na alama hizo. Ugomvi wangu ni kwamba mgonjwa mwenyewe hayumo katika jibu hilo ila kama maiti, na aliyeketi kando ya kitanda chake hayumo kabisa.

Hebu tuanze na sarufi. Kitenzi ugua kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha hutupa uguza. Kwa kawaida kauli hii huleta maana ya kusababisha: anayemkimbiza mtu humfanya akimbie, anayemlisha humfanya ale. Lakini anayemuuguza mtu hamfanyi augue. Humwosha, humgeuza kitandani, humpikia uji, hukesha naye. Mzizi uo huo katika kauli ya kutendewa hutupa uguliwa. Mama aliyeuguliwa na mwanawe ni mama ambaye mtoto ndiye aliyelala, kama vile aliyefiwa ni yule ambaye mwingine ndiye aliyekufa. Kiswahili basi kinamtambua mtu ambaye ugonjwa umempata bila kumwingia mwilini. Tena siku hizi vijana huandikiana “upone haraka”, ila salamu ya wazee kwa mgonjwa ni “ugua pole”. Salamu hiyo haimharakishi mgonjwa. Inakubali kwamba kuugua ni safari, na huenda ikawa ndefu.

Makala hii inanuia kuonyesha kwamba fasihi ya Kiswahili inayoshughulikia UKIMWI, na hasa ile inayosomwa shuleni, imesheheni kuugua, imepungukiwa na kuuguza, na kuuguliwa imekugusa kwa nadra mno. Upungufu huu si wa waandishi peke yao. Ni wa maswali yetu pia.

Tutazame tamthilia mbili ambazo wenzetu wa Tanzania wamezisomesha kwa muda mrefu na ambazo walimu wengi wa Kenya wanazifahamu. Ya kwanza ni Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation mwaka 1995. Mgogoro wake ni wa malezi: je, mzazi azungumze na mwanawe kuhusu jinsia, au anyamaze kwa kuwa mila inamtaka anyamaze? Joti anapopata UKIMWI, ugonjwa wake unakuwa ushahidi katika kesi hiyo. Ni ushahidi dhidi ya wazazi walionyamaza. Ya pili ni Orodha ya Steve Reynolds, iliyochapishwa mwaka 2006. Hapa Furaha ameacha barua ambayo ametaka isomwe mazishini. Wanaume kadhaa wa kijiji wanahofu kwamba barua hiyo ina majina yao, na wanafanya kila hila isisomwe. Kumbe orodha iliyomo si ya watu. Ni ya mambo ambayo yangaliyaokoa maisha yake.

Nataka kuitendea haki Orodha, kwa sababu wahakiki wengi huishia kuhesabu maudhui yake na kuondoka. Ujanja wa tamthilia hii ni kwamba inamtega msomaji pamoja na wanakijiji. Sisi nasi tunangoja majina. Tunataka kujua ni nani. Barua inapofunguliwa na majina yasiwemo, aibu inawashika wale wahusika, na inatushika sisi pia tuliokuwa tukisubiri kama wao. Huo ni ufundi wa kweli, na ni karipio kwa jamii iliyozoea kuuliza “aliupata kwa nani” kabla ya kuuliza “amekula nini leo”.

Hata hivyo, orodha yenyewe inatazama nyuma. Ni orodha ya kinga. Inasema kilichokosekana kabla ya Furaha kuugua, haisemi alichohitaji baada ya kuugua. Isitoshe, kwa kuwa tamthilia imejengwa juu ya mazishi na mbinurejeshi, Furaha anatufikia akiwa marehemu. Kifo chake kimekwisha kuamuliwa kabla hatujamfahamu. Mtahiniwa akiulizwa athari za UKIMWI katika kazi hii, ana haki ya kuandika “kifo”, maana ndiko muundo unakomwelekeza.

Ziko sababu za kihistoria za hali hii, na si haki kuzisahau. Kilio Chetu ilitolewa mwaka mmoja kabla ya dunia kutangaziwa, mwaka 1996, kwamba dawa kadhaa zikitumiwa pamoja huweza kuvidhibiti virusi. Hata baada ya hapo ilichukua miaka kabla dawa hizo hazijamfikia mkulima wa Siaya au mvuvi wa Bagamoyo. Nchini Kenya, Rais Daniel arap Moi aliutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999. Nadhani ndipo neno “janga” lilipopata nguvu ya serikali na kuingia katika kila insha. Dawa za kupunguza makali zilianza kuenea katika hospitali za umma kuanzia mwaka 2003 hivi. Mwandishi wa miaka ya tisini aliyemuua mhusika wake alikuwa akiandika alichokiona. Tena kazi nyingi za wakati ule zilikusudiwa kukinga, na kazi ya kukinga humhitaji mfu wa kuonyeshwa, kama vile bango la barabarani linavyohitaji gari lililopondeka.

Lakini wakati uo huo, watafiti wa jamii walikuwa vijijini wakiuliza swali jingine kabisa: nani anawatunza walio hai? Mfano ninaoupenda ni utafiti uliofanywa na Erick Nyambedha na wenzake katika wilaya ya Bondo, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2003. Walipata kwamba mtoto mmoja kati ya kila watatu wa chini ya umri wa miaka 18 alikuwa amefiwa na angalau mzazi mmoja, na mmoja kati ya kila tisa alikuwa amefiwa na wote wawili. Takwimu hizo zinatisha, ila kilichonisimamisha mimi ni kingine. Kwa desturi ya mahali pale, yatima ni wa ukoo wa baba. Watafiti walikuta kwamba asilimia 28 ya mayatima walikuwa wakilelewa na watu ambao desturi isingewatarajia: jamaa wa upande wa mama, au hata watu wasio jamaa.

Mwalimu wa fasihi anaposoma jambo hilo anapaswa kuona kwamba ameletewa mhusika. Mjomba anayempokea mtoto ambaye si wa ukoo wake, naye anajua kwamba siku moja watu wa upande wa baba watakuja kumdai. Nyanya mzaa mama ambaye alipaswa kutunzwa, sasa anatunza. Jirani asiye na jina la ukoo kabisa: mtoto atamwitaje? Jamaa zetu zina majina kwa kila uhusiano, mama mdogo, shangazi, ami, mjomba, na UKIMWI uliyavuruga majina hayo ukampa mtu mmoja kazi za watu wanne. Tunapomfunza mwanafunzi kuchambua “wahusika na uhusiano wao”, twafaa tumwulize pia ni nani katika kitabu anafanya kazi ambayo kwa desturi si yake. Swali hilo moja hufungua zaidi ya orodha nzima ya “sifa za mhusika”.

Kuna suala la mwanamke pia. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2018, ule uitwao KENPHIA, ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya watu wazima walikuwa wakiishi na virusi. Wanawake asilimia 6.6, wanaume asilimia 3.1. Yaani mwanamke ndiye anayeugua zaidi, na kila mwenye macho anajua kwamba nyumbani ndiye anayeuguza zaidi. Katika kazi nyingi za fasihi, hata hivyo, mwanamke huingia kwenye maudhui ya UKIMWI kwa mlango mmoja tu, wa mshawishi au mshawishiwa. Hospitalini anayeuguza ana cheo, ni muuguzi. Nyumbani hana. Atakapofika wodini ataulizwa tu, “wewe ndiwe mwenye mgonjwa?” Naam, ndiye mwenye mgonjwa. Anamiliki ugonjwa wa mwenziwe.

Hapa pana swali la fani ambalo wahakiki wetu hawajalipa uzito. Kwa nini tamthilia inashindwa kuonyesha uuguzaji? Jibu langu ni kwamba uuguzaji hauna kilele. Drama hutaka mgogoro unaokua, siri inayofichuka, mlango unaofunguliwa kwa kishindo. Kuuguza ni marudio: maji ya moto asubuhi, uji, shuka, dawa, maji ya moto jioni. Kesho hivyo hivyo. Mtunzi wa jukwaa akiweka hayo, hadhira itapiga miayo. Kwa hivyo huyaruka, akatupeleka moja kwa moja kutoka kikohozi cha kwanza hadi jeneza. Riwaya ina nafasi zaidi. Si ajabu basi kwamba ni riwaya ndefu, Ua la Faraja ya William Mkufya (2004), iliyothubutu kuweka neno “faraja” kwenye jalada la hadithi ya UKIMWI. Jina hilo pekee ni msimamo. Badala ya dhambi, kilio au kaburi, mwandishi ametanguliza kile ambacho binadamu mmoja anaweza kumpa mwingine.

Fasihi simulizi nayo inatufunza kitu. Tuna mbolezi za kumlilia aliyekufa, na tunazifunza kila mwaka. Lakini marudio yale niliyoyataja, ambayo jukwaa linayachukia, ni uhai wa bembezi na wa hodiya. Bembezi hurudia kwa sababu mtoto hajalala. Hodiya hurudia kwa sababu jembe halijafika mwisho wa shamba. Mtunzi atakayetaka kuimba kuuguza ana mwao wake tayari katika tungo hizo. Sioni kwa nini ushairi wetu wa UKIMWI umeng’ang’ania mahadhi ya mbolezi na ya mawaidha, hali mgonjwa bado yu hai na anasikia.

Turudi kwa barua ya Furaha, kwa sababu ina ndugu yake katika maisha ya kweli. Nchini Uganda, akina mama wanaoishi na virusi walioungana katika chama cha NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992, walijulikana kwa kuandika vitabu vya kumbukumbu. Mama humwandikia mwanawe asili ya ukoo wao, siku aliyozaliwa, alivyokuwa alipoanza kutembea, chakula alichokipenda, na ugonjwa alio nao mama mwenyewe. Kitabu hicho huandikwa mama akiwa hai, na mara nyingi pamoja na mtoto. Linganisha na barua ya Orodha. Ile inasomwa mbele ya umma baada ya kifo, na inahukumu. Hiki kinasomwa nyumbani kabla ya kifo, na kinalea. Zote mbili ni maandishi ya mgonjwa. Katika silabasi yetu tuna barua, shajara, wasifu na tawasifu, lakini tunazifunza kama miundo tu, anwani iwe upande gani na tarehe ikae wapi. Humu nchini Asunta Wagura, mwanzilishi wa KENWA, aliandika shajara ya maisha yake na virusi katika gazeti la Kiingereza kwa miaka mingi. Nalisema hili kwa wivu wa lugha: Kiswahili kilistahili shajara hiyo.

Niliahidi kusema juu ya maswali yetu. Mwaka 2008, katika shule ya kutwa niliyokuwa nikifunza, nilimwita msichana wa kidato cha tatu asome kwa sauti kifungu cha ufahamu. Kilikuwa cha aina tuijuayo, mgonjwa amekonda, nywele zimenyonyoka, watu wanashika pua. Alikuwa msomaji wetu hodari. Alisimama, akanyamaza, akaketi. Nilimkemea mbele ya wenzake kwa utovu wa adabu. Ilinichukua muhula mzima kujua kwamba kila jioni alikuwa akitoka darasani kwangu kwenda kumuuguza mamake, na kwamba mama huyo alikuwa ameanza dawa na anapata nafuu. Kifungu changu kilikuwa kimemwambia mbele ya wanafunzi arubaini kwamba anapoteza wakati.

Tangu hapo mambo yamebadilika zaidi. Tangu mwaka 2016 sera ya Kenya imekuwa kwamba kila anayepatikana na virusi aanzishiwe dawa mara moja. Tafiti zilizotangazwa kuanzia mwaka 2011 zimethibitisha kwamba anayemeza dawa zake vyema hadi virusi visigunduliwe na vipimo hamwambukizi mwenziwe kwa ngono. Mwanafunzi aliyezaliwa na virusi huenda amekaa dawati la tatu mbele yako, amemeza tembe yake saa moja asubuhi, na anaandika kwenye daftari maneno unayoyasema: UKIMWI huua. Hivyo ni lazima tutofautishe VVU na UKIMWI, si kwa ajili ya usafi wa istilahi tu. Mwenye virusi huenda asiugue UKIMWI hata siku moja. Kumwita “mgonjwa wa UKIMWI” mtu anayelima shamba na kulipa karo ni kosa la maana, na lingefaa kusahihishwa kwa wino mwekundu kama kosa la upatanisho wa kisarufi. (Nakiri kwamba anwani ya makala hii inalitumia neno hilo. Inazungumzia vitabu, na humo vitabuni karibu wote ni wagonjwa.)

Simwambii mwalimu aviache vitabu vya zamani. Avifunze pamoja na tarehe zake. Mtahiniwa aelewe kwamba Kilio Chetu ni ya mwaka 1995 kwa namna ile ile anayoelewa kwamba tenzi za kale zina ulimwengu wake. Na methali ile ya mficha maradhi aihoji. Inamlaumu anayeficha, haiulizi anamficha nani na kwa nini. Mwaka 2006 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI, ikakataza ubaguzi kazini na shuleni na kuunda baraza maalumu la kusikiza malalamiko ya wanaobaguliwa. Nchi haiundi baraza la namna hiyo ikiwa waliojificha hawakuwa na sababu.

Jambo la mwisho ni la darasani. Baada ya kusoma Orodha na kidato cha nne, niliwapa zoezi la utungaji: andika shajara ya Mama Furaha ya siku sita za mwisho kabla ya kifo cha mwanawe. Kitabu hakitupi siku hizo, nami nilitaka kuona watajaza nini. Wengi waliniletea machozi na mawaidha, “laiti ningalijua”, “vijana jihadharini”. Mvulana mmoja, ambaye kwa kawaida hapiti alama kumi, aliandika siku tano zinazofanana karibu neno kwa neno. Amempa uji. Ameutapika. Amempa tena. Amefua shuka. Siku ya nne uji ulikaa tumboni na akaandika kwamba Furaha aliomba chumvi. Siku ya tano, uji, ameutapika. Siku ya sita aliandika tarehe peke yake, chini yake hapana kitu.

Mwenzangu tunayesahihisha naye alimpa saba kwa ishirini: urudiaji, msamiati finyu, kazi haijakamilika. Mimi nilimpa kumi na saba. Tulibishana hadi mlinzi akaja kufunga ofisi ya walimu, na daftari lile bado linaonyesha alama mbili, zote hazijafutwa.